Sala na Hesabu Chini ya Paa Moja: Somo la Rabai kwa Shule Ndogo za Makanisa

Hotuba kwa wazazi, walimu na wasimamizi wa shule katika Kaunti ya Kilifi

  

Kila inapokaribia Januari, mzazi wa Kaloleni, Ganze, Magarini au Rabai hukaa na mwenzake usiku na kupiga hesabu ya karo. Shule ya umma iko mbali, au darasa lake limejaa. Karibu na nyumbani, kando ya kanisa, ipo shule ndogo ya mabati au ya matofali yenye watoto mia moja hivi, ambako mwalimu anamjua kila mtoto kwa jina la babake. Asubuhi watoto huimba na kusali kabla ya kuingia darasani. Jirani anaisifia kwamba inafundisha adabu. Mwingine anauliza kama kuna kinachofundishwa pale zaidi ya nyimbo.

Mzazi huyo anastahili jibu la kweli. Swali lake ni zito, kwa sababu atakayekabidhiwa shule hiyo ni mwanawe, akili yake na moyo wake pamoja, kwa miaka minane au tisa.

Kaunti ya Kilifi ina haki ya kulizungumza jambo hili kuliko kaunti nyingine yoyote, kwa maana shule ya namna hiyo ilianza hapa hapa. Mwaka 1844 mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, aliyetumwa na Church Missionary Society ya Uingereza, alifika Mombasa. Mwezi Julai mwaka huo huo mkewe, Rosine, alifariki kwa homa pamoja na mtoto wao mchanga. Krapf hakuondoka. Miaka miwili baadaye mwenzake, Johannes Rebmann, akajiunga naye, na mnamo Agosti 1846, wote wawili wakiwa wanaugua homa, walipanda mlima kwenda kuishi Rabai. Wazee wa Rabai ndio waliowapa ruhusa ya kukaa.

Pale walijenga mahali pa ibada na mahali pa kusomea. Shule hiyo hutajwa kuwa ya kwanza ya mtindo wa kisasa katika nchi ambayo leo inaitwa Kenya. Ilikuwa ndogo sana. Watoto walikuja wachache, wakaja na kuacha. Waliobatizwa walihesabika kwa vidole. Wa kwanza, mlemavu aitwaye Mringe, alibatizwa akiwa mahututi. Rebmann alikaa Rabai hadi 1875, karibu miaka 30, na alipoondoka alikuwa amepoteza uwezo wa kuona.

Ukipima kwa wingi wa watu, kazi ile ilishindwa. Lakini yapo mambo mawili ya Rabai ambayo kila shule ndogo ya kanisa ingefaa kuyaangalia.

La kwanza ni lugha na kitabu. Krapf na Rebmann walianza kwa kujifunza. Krapf aliandika kitabu cha sarufi ya Kiswahili kilichochapwa mwaka 1850, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili ikatoka mwaka 1882, baada ya kifo chake. Rebmann alikusanya maneno ya lugha ya Mijikenda, na kamusi yake nayo ikachapwa baadaye. Wanaume hawa walitaka watu wasome Biblia, hilo halina siri. Ila aliyefundishwa kusoma Biblia alijua pia kusoma barua, hati ya shamba na hesabu ya duka. Huwezi kumfundisha mtu herufi kisha umchagulie cha kusoma maisha yake yote.

La pili ni jirani. Mmoja wa watu waliomsaidia Krapf kutafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili alikuwa kadhi wa Mombasa, Ali bin Mohiddin. Kadhi alibaki Mwislamu na mmisionari akabaki Mkristo, na kazi ikafanyika. Kwa hiyo kabla ya elimu ya kanisa kuwa na darasa katika pwani hii, ilikuwa tayari na deni kwa msomi wa dini nyingine.

Rabai ilibadilika baadaye kwa mkono wa Waafrika wenyewe. Wengi wao walikuwa wamenaswa utumwani wakiwa watoto, wakakombolewa baharini na kupelekwa Nasik, India, ambako walifundishwa kusoma pamoja na kazi za mikono. William Jones na George David walikuwa miongoni mwa waliorudi kufanya kazi Mombasa na Rabai. Mwaka 1875 kijiji cha Freretown kilianzishwa ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa kwa ajili ya watu waliokombolewa, na kengele yake ndiyo iliyopa jina mtaa wa Kengeleni. Rabai nayo ikawa kimbilio la watumwa waliotoroka. Januari 1889 kampuni ya Imperial British East Africa iliwalipa fidia waliodai kuwa mabwana wao, na zaidi ya watu elfu moja wakapewa hati za uhuru. Kwa mtu ambaye jana alikuwa mali ya mwenzake, kujua kusoma jina lake kwenye karatasi hiyo lilikuwa jambo kubwa.

Haifai kuficha upande wa pili. Shule za misheni ziliwafundisha watoto wengi kudharau mila za wazazi wao. Mtoto alibadilishiwa jina, akaambiwa ngoma za kwao ni za giza, na kaya ikaonekana ni mahali pa kukimbiwa. Misitu ya kaya hizo hizo za Mijikenda, ikiwemo ya Rabai, mwaka 2008 iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Kile ambacho watoto walifundishwa kukionea aibu, dunia imekuja kukitambua kuwa hazina. Shule ya leo ina nafasi ya kutorudia kosa hilo.

Baada ya uhuru, taifa liliamua elimu isiwe tena mikononi mwa makanisa peke yake. Sheria ya Elimu ya 1968 iliweka shule nyingi za misheni chini ya serikali, na makanisa yakabaki kuwa wafadhili. Leo sheria inayotumika ni Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Kifungu cha 27 kinaeleza kazi ya mfadhili. Ana nafasi katika bodi ya usimamizi. Anaweza kutoa ushauri kuhusu mtaala na vitabu. Anaweza kusimamia malezi ya kiroho, na hata kuteua kasisi wa shule kwa gharama yake mwenyewe. Anatarajiwa kusaidia kwa fedha na majengo.

Kisha sheria inaongeza sharti ambalo wasimamizi wengi hawalisomi. Mfadhili adumishe malezi ya kiroho huku akilinda dini au dhehebu la wengine. Neno hilo la kulinda lina uzito. Kumvumilia mtoto wa Kiislamu, wa Kisabato au wa familia inayofuata mila za kaya hakutoshi. Mwenye shule amepewa jukumu la kuilinda imani ya mtoto asiye wake.

Katiba inasema hivyo hivyo. Kifungu cha 8 kinasema Kenya haina dini ya taifa. Kifungu cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri na dini, na kinakataza mtu kulazimishwa kutenda jambo linalopingana na imani yake. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Na kifungu cha 34 cha Sheria ya Elimu ya Msingi kinakataza kumnyima mtoto nafasi shuleni kwa sababu ya dini, kabila, jinsia au ulemavu.

Hayo yanaweza kusikika kama maneno ya mawakili. Wakazi wa Kilifi wanajua kwamba siyo. Mwaka 2023 jina la Shakahola, msitu ulio katika kaunti hii, lilijulikana duniani kote. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa, ikiwemo ya watoto. Nani ana hatia ni kazi ya mahakama kuamua. Lakini jambo moja lilijulikana mapema na majirani wengi: wapo watoto waliotolewa shuleni kwa jina la dini, wakiambiwa kwamba masomo ni dhambi. Mtoto anapoacha kuonekana shuleni, mwalimu haulizi tena aliko, muuguzi hamwoni, na chifu hana habari zake. Analindwa na nani?

Tangu wakati huo wapo wazazi wanaoogopa chochote chenye msalaba mlangoni. Wapo pia wachungaji waaminifu, wenye shule ndogo wanazoziendesha kwa sadaka, wanaoona uchungu kutazamwa kwa jicho la shaka. Pande zote mbili zina sababu. Kinachotofautisha shule ya kweli na mahali pa hatari hakiko kwenye urefu wa sala. Kiko mlangoni. Shule ya kweli ina mlango wazi: mzazi anaingia, mkaguzi anaingia, na jirani wa dini nyingine anaingia. Kila kinachosemwa kwa watoto kinaweza kusemwa mbele ya wazazi wao.

Mambo huendaje katika shule ndogo inayofanya kazi yake vizuri? Asubuhi watoto wako kwenye gwaride. Wanaimba, mmoja wao anaomba, mwalimu wa zamu anasema neno fupi kuhusu ukweli au usafi, kisha kengele inalia na masomo yanaanza kwa wakati. Hesabu haikatwi ili kwaya ifanye mazoezi. Sayansi inafundishwa yote, pamoja na sura ambazo mhubiri hapendi. Elimu ya dini ina vipindi vyake katika mtaala, kama somo lenye mwalimu na tathmini, na ibada ina saa yake. Kimoja hakili saa ya kingine.

Malezi ya imani huonekana zaidi nje ya ibada. Huonekana pale mtoto aliyeokota kalamu anapoirudisha, pale mkubwa anapomsaidia mdogo kuvuka barabara, pale mwalimu anapokosea hesabu ubaoni na kusema "samahani" mbele ya darasa. Udogo wa shule unasaidia hapa. Mtoto wa darasa la watu 20 hawezi kujificha. Akikosa kula, inajulikana. Akija na jeraha, inaonekana. Akiwa hajui kusoma katika Gredi ya 3, mwalimu hana kisingizio cha wingi wa watoto.

Udogo una hasara zake pia. Mwalimu mmoja hulazimika kushika gredi mbili. Karo ikichelewa, mshahara unachelewa, na mwalimu mzuri anahama katikati ya muhula. Bodi huwa ni mchungaji, mke wake na mzee mmoja wa kanisa, kwa hiyo hakuna wa kumwambia mwenye shule kwamba amekosea. Na pale ambapo mwalimu mkuu ndiye mchungaji wa familia, mzazi huogopa kulalamika kuhusu choo kibovu kwa kuhofia ataonekana anapinga kanisa. Choo kibovu ni choo kibovu. Kukisema si kukosa imani.

Jambo la kiboko linahitaji kusemwa waziwazi. Zipo shule ambazo huchapa watoto na kulieleza jambo hilo kwa maneno ya dini. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi kinakataza adhabu ya kumwumiza au kumdhalilisha mwanafunzi, kimwili au kisaikolojia. Sheria hiyo haijatenga shule za kanisa. Kumtisha mtoto kwa moto wa jehanamu kwa sababu ameshindwa kuandika imla nako ni kumdhalilisha.

Na mtoto wa jirani? Katika vijiji vingi vya kaunti hii, shule iliyo karibu ni ya kanisa na mtoto anayehitaji nafasi ni Mwislamu. Mambo mengi hapa humalizwa na watu kuzungumza kabla ya muhula kuanza. Je, mtoto ataruhusiwa kusoma elimu ya dini yake, na kama hakuna mwalimu, atafanya nini saa hiyo? Ijumaa adhuhuri itakuwaje? Mwezi wa Ramadhani, mtoto anayefunga atakaa wapi wenzake wakila? Mtoto wa Kisabato atalazimishwa kuja mtihani wa Jumamosi? Sare ya shule inaruhusu ushungi?

Swali hili la mwisho liliwahi kupelekwa mahakamani kutoka shule moja ya Isiolo iliyofadhiliwa na kanisa. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa iliwapa wasichana wa Kiislamu haki ya kuvaa hijabu. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikatengua uamuzi huo, kwa hoja kwamba jambo lenyewe halikuwasilishwa kwa njia inayofaa. Miaka ilipita na watoto waliohusika wakakua. Kesi inaweza kuchukua muda mrefu kuliko utoto. Mazungumzo ya nusu saa kati ya mwalimu mkuu na mzazi, yakaandikwa na kutiwa sahihi, yangeokoa mengi.

Mzazi anayefikiria kumpeleka mtoto katika shule ndogo ya kanisa afanye mambo haya kabla ya kulipa hata shilingi moja.

Kwanza, aombe kuona cheti cha usajili. Sheria hairuhusu mtu kufungua shule ya kibinafsi bila kusajiliwa, na kazi hiyo hupitia Bodi ya Elimu ya Kaunti. Shule iliyosajiliwa haioni haya kuonyesha cheti chake. Mzazi akiambiwa "kiko njiani", aulize katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo.

Pili, aulize kama walimu wamesajiliwa na TSC. Wito wa kumtumikia Mungu ni jambo jema, lakini haumfundishi mtu jinsi ya kufundisha kusoma.

Tatu, aombe ratiba ya wiki na aisome. Ahesabu vipindi vya hesabu, lugha, sayansi na michezo. Aone saa za ibada. Ratiba husema ukweli ambao tangazo la barabarani halisemi.

Nne, afike shuleni siku ya kawaida bila kualikwa. Atazame vyoo, maji, jikoni na daftari za watoto. Daftari lililosahihishwa kwa kalamu nyekundu tarehe za wiki hii ni ushahidi mzuri kuliko hotuba.

Tano, aulize bodi ina watu gani. Kuwe na wazazi waliochaguliwa na wazazi wenzao, si jamaa za mwenye shule peke yao.

Sita, ikiwa shule ni ya bweni, aulize watoto wanalala wangapi katika chumba kimoja, milango inafunguka kuelekea nje au ndani, madirisha yana vyuma au hayana, na nani analala karibu nao. Aulize pia ni lini mzazi anaweza kumtembelea mtoto na kuzungumza naye peke yake. Shule inayozuia jambo hilo imekwisha kujieleza.

Wakazi huuliza pia serikali ya kaunti inahusika vipi. Katiba, katika Jedwali la Nne, imeipa kaunti elimu ya chekechea, vyuo vya kiufundi vya vijijini na vituo vya kulelea watoto. Shule za msingi na sekondari ziko chini ya serikali ya kitaifa. Kwa hiyo malalamiko kuhusu darasa la chekechea yapelekwe kwa ofisi za kaunti katika wadi, na ya gredi za juu kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Mwenye kushuku kwamba mtoto anadhulumiwa, popote pale, apige simu ya bure nambari 116, au amwone chifu au afisa wa watoto. Asingoje ushahidi uwe mkubwa.

Wasimamizi wa shule ndogo nao wana ombi la kupelekewa. Wasiwaone wakaguzi kama maadui wa injili. Shule iliyokaguliwa inapata neno la kumjibu anayeishuku. Wawaalike imamu na wazee wa kaya siku ya wazazi, wakae viti vya mbele. Wawafundishe watoto historia ya Rabai yote, pamoja na kadhi aliyemsaidia mmisionari na wazee waliompa mahali pa kukaa. Mtoto akijua kwamba wazee wa kwao ndio waliowapokea wageni, hataona haya kuwa Mrabai, Mgiriama au Mchonyi anaposimama kusali.

Pale Rabai kanisa la zamani bado lipo, na nyumba ya Krapf, na makumbusho yanayoeleza habari hizi. Shule ikipata nauli ya basi, ni ziara ya siku moja tu. Watoto wataona jinsi mahali penyewe palivyo padogo, na watauliza maswali. Waachwe waulize.

 Mwenye swali asiende nalo nyumbani; maafisa wa elimu na wa watoto wamekaa meza ile ya mlangoni, na mlango uko wazi.